Vijiti Vitatu vya Bi Somoe

Wiki iliyopita lori la Kenta lilimwaga mchanga mbele ya nyumba ninayojenga huku Pugu, na kabla dereva hajafunga bodi nilikuwa nimeshainama kuushika. Fundi akanicheka. Mchanga wa mtoni ukiwa bado mbichi una harufu yake: tope kidogo, majani yaliyooza kidogo, na kitu kingine kama bati lililolowa. Si harufu nzuri, sitaki kumdanganya mtu. Lakini nilipoivuta tu, nikakaa juu ya matofali kama mgonjwa.

Baadaye vijana wakaanza kuuchekecha kwenye wavu, na mmoja wao akaokota kijiko. Kijiko cha zamani, kimepinda shingo, kimekwaruzwa na kokoto mpaka kimekuwa cheupe. "Sista, mchanga wako umekuja na vyombo kabisa," akasema, na wenzake wakaangua kicheko. Nikakichukua nikakiosha kwa maji ya pipa. Huo mchanga sijui ulichotwa mto gani, ila nilijua kijiko kilipita wapi. Kilimponyoka mtu akiosha vyombo, kikazama, maji yakakiburuta sakafuni mwa mto hadi upande wa ndani wa kona, kikafunikwa na mchanga. Nimekulia kwenye kona ya mto na hayo siyajui kwa kusoma.

Tulikaa Mbagala, chini bondeni, na mto wetu ulikuwa unatoka hukuhuku kwenye vilima vya Pugu. Haukuwa mto wa kujivunia. Kiangazi uliweza kuuvuka umeshika ndala mkononi, na maji yasifike magotini. Ila ulipofika kwetu ulipinda ghafla, utadhani umekumbuka kitu ulichosahau nyumbani. Sisi tulikuwa upande wa nje wa kona hiyo. Upande wa ndani, ng'ambo, alikaa mama mmoja mjane wa Kilwa aliyeitwa Bi Somoe. Kwetu ukingo ulisimama wima, juu kuliko kichwa cha baba. Kwake mchanga ulilala kwa mteremko mpole mpaka majini, na watoto wa mtaa mzima walikwenda kucheza huko.

Masika yakifika, maji yalikuja kwa hasira na kutugonga. Yalizunguka pale chini ya ukingo, yakatoa mapovu na mlio wa kukoroma, na kila masika kipande cha uwanja wetu kiliondoka. Ulianza kwenda mpapai. Mwaka uliofuata likafuata banda la kuku, halafu nguzo moja ya kamba ya kuanikia nguo. Baba alijaza viroba mchanga akavipanga ukingoni, na mto haukuvigusa hata kidogo. Ulikula chini yake, kimyakimya, mpaka siku moja viroba vyote vikadumbukia kwa mpigo na baba akabaki ameshika kiuno.

Huku kwetu tunapungua, kwa Bi Somoe palikuwa panaongezeka. Mchanga ulijaa, tope likatulia juu yake, naye akaotesha mchicha na matembele mazuri ajabu. Nilikuwa na miaka minane au tisa, na hesabu zangu zilikuwa nyepesi. Kwetu pametoka, kwake pameingia, basi kachukua yeye. Nilikuwa nikikaa ukingoni nayatazama yale matembele na kuyahesabu kuwa ni yetu, na mama akiyanunua sikuyala. Nilisingizia tumbo.

Baba yangu alikuwa mchonga vinyago. Alikwenda Mwenge kila asubuhi na kurudi jioni na mfuko wa vipande, na mimi mchezo wangu ulikuwa kuvitupa mtoni. Mninga ulielea. Mpingo, kwa uzito wake, ulizama mara moja kama jiwe. Na nikagundua jambo. Vipande vilivyoelea vilikuja mbio vikanasa kwenye mizizi ya mianzi chini ya ukingo wetu, hata kama nimevitupia kwake kabisa. Vilivyozama sikuviona tena, mpaka kiangazi kilipofika nikaviona kwenye mchanga wa Bi Somoe, vimelala pamoja na vijiko vyetu na kisahani cha mama tulichokuwa tumekitafuta nyumba nzima. Vyote vya maana vilikwenda kwake. Sie tukaletewa takataka.

Nikampelekea baba mashtaka hayo. Akacheka, akakaa kwenye kigoda chake.

"Sikiliza Vero. Maji ya juu yana mbio. Yakifika kwenye kona hayawezi kugeuka haraka, yanakuja kutugonga sie. Yakishagonga yaende wapi? Yanazama. Yanachimba hapo chini, yanachukua mchanga wetu, yanapita nao sakafuni mpaka kwa Bi Somoe. Kule maji yanapoa, yanautua." Akasugua viganja vyake kama anasokota kamba. "Mto kwenye kona haupiti tu. Unajisokota hivi."

"Nani anauambia ujisokote?"

"Kona."

Nilimpenda sana baba yangu, lakini siku hiyo nilimwona mtu wa kudanganywa kirahisi. Kona inaambiaje mto? Mimi niliondoka na neno moja tu, kwamba maji yanachukua mchanga wetu na kumpelekea Bi Somoe. Ndicho nilichokuwa nasema siku zote.

Isitoshe nilikuwa na ushahidi. Kwenye ule mteremko wake Bi Somoe alikuwa amechomeka vijiti vitatu, kimoja karibu na maji, cha pili juu kidogo, cha tatu juu zaidi, na kila kimoja kimefungwa kitambaa chekundu. Mtoto wa Mbagala akiona kitambaa chekundu kwenye kijiti hahitaji kuelezwa. Tulishaonyeshana nyumba za waganga na bendera zao, tukipita mbele yake tunakimbia. Na tena alikuwa na debe, lile la mafuta ya kula, analitundika kwenye tawi la mti nje ya mlango wake. Siku za mvua alikuwa akilipiga kwa mwiko. Akilipiga mara moja, mto unajaa kidogo. Akilipiga mara mbili, unajaa zaidi. Siku aliyolipiga mara tatu ndiyo siku banda letu la kuku lilipokwenda na majogoo wawili. Nililisikia debe kwa masikio yangu, kisha nikaliona banda likienda. Nani angeniambia tofauti?

Angeweza kuniambia mtu yeyote mzima, kwa kweli. Lakini kwetu wakubwa hawakuwa na desturi ya kuelezea watoto mambo waliyoyaona wazi, na mimi sikuuliza kwa sababu nilijiona tayari najua.

Sasa nifike kwa mgeni.

Mwaka mmoja kabla ya hayo mama alijifungua mtoto wa kiume. Alikaa nasi siku tisa. Siku zote tisa tulimwita mgeni, kama watu wanavyowaita watoto wachanga, na jina lenyewe lilikuwa bado linajadiliwa. Siku ya kumi asubuhi nyumba ilikuwa imejaa wanawake na hakuna aliyekuwa analia kwa sauti. Kwa watu wetu wa kusini mtoto ambaye hajafikisha siku arobaini anazikwa na wanawake, karibu na nyumba, bila matanga. Baba alikaa barazani ameinamisha kichwa, hakuruhusiwa hata kushika jembe. Wakamzika nyuma ya nyumba, na juu ya kaburi wakaweka kibakuli cheupe cha bati chenye ukingo wa bluu, kile walichokuwa wakimwogeshea. Bibi mmoja alikitoboa kitako kwa msumari kabla ya kukiweka. Chombo cha marehemu kinatobolewa ili nacho kimalize kazi yake na asije mtu akakichukua akakitumia. Hilo nilielezwa, kwa sababu niliuliza kwa kulia.

Palikuwa mbali na mto siku hiyo. Mwaka mmoja baadaye palikuwa hatua sita. Nilikuwa nazipima mwenyewe, na mama nilimwona anazipima pia, kila asubuhi, akijifanya anafagia.

Siku moja nikiwa chini ya dirisha nikawasikia baba na mama wakiongea ndani.

"Mama Vero," baba akasema, "huyu mtoto tumhamishe. Masika ndio haya."

"Kumfukua?"

"Kumhamisha. Waite wenzio mpange siku. Mie hilo siliwezi, unajua ni lenu."

"Baba Vero, nilimweka mle kwa mikono yangu hii. Unataka nimtoe kwa mikono hiyohiyo?"

Baba akasema taratibu kwamba mto hautamsubiri mtu. Ndipo mama akasema neno nililolielewa vibaya. Akasema, "Debe la Bi Somoe likilia mara tatu nitamtoa. Naapa. Kabla ya hapo niacheni."

Leo naelewa alichosema. Debe la tatu maana yake maji yamefika kijiti cha juu, na toka hapo mpaka ukingo wetu kuanza kumeguka kulikuwa na saa nzima hivi, wakati wa kutosha kwa wanawake watatu wenye majembe. Bi Somoe alikuwa halipigi debe kwa ajili yake. Yeye alikuwa juu ya mchanga mpole, mto haukumfanya kitu. Alilipiga kwa ajili yetu, kwa sababu sisi kwenye ukingo wima hatukuweza kuyaona maji yanavyopanda chini yetu, na yeye aliyaona yanavyotambaa kwenye mteremko wake kijiti kwa kijiti. Alichagua kitambaa chekundu kwa sababu macho yake yalikuwa mabovu.

Mimi nilisikia kitu kingine kabisa. Nilisikia kwamba Bi Somoe akipiga debe la tatu, mgeni anaondoka.

Siku mbili sikulala vizuri. Siku ya tatu sikwenda shule. Nilijificha kwenye mianzi mpaka nikamwona Bi Somoe anapanda njia ya sokoni na beseni la mchicha kichwani, nikavuka mto. Maji yalikuwa magotini, ya baridi, na jua lilikuwa kali. Nikaving'oa vijiti vyote vitatu. Nilifumba macho kwa sababu nilidhani vitanichoma. Havikunichoma. Nikavitupa majini pale juu ya kona, nikakimbia bila kugeuka nyuma, na nilikuwa na furaha, jamani. Nilijisikia dada mkubwa kwa mara ya kwanza toka mgeni aondoke. Nikaenda kukaa karibu na kile kibakuli na kukiambia kwamba mambo yamekwisha.

Mchana tulikula kunde na ugali. Mkaa ulikuwa umeisha, mama akapika kwa kuni kwenye mafiga pale uani. Kuni zetu zilikuwa ni zilezile anazotuletea mto. Mama alikuwa akishuka ngazi za udongo alizochimba baba ukingoni, akikusanya kilichonasa kwenye mizizi ya mianzi na kukianika. Kunde zilichelewa kuiva kwa sababu kuni nyingine zilikuwa mbichi, moshi ukatuingia machoni. Mama alikula kidogo sana. Sikujali, nikala na sehemu yake.

Jua lilikuwa bado linawaka tulipolisikia debe.

Halikulia mara moja. Halikulia mara mbili. Lililia mfululizo, bila mpango, kama mtu anayepiga nyoka. Nikashangaa kweli. Vijiti nimevitupa, anapigia nini tena? Nikatoka mbio nikaona ng'ambo Bi Somoe amesimama na debe mkononi, vijiti vipya visivyo na vitambaa vimemwanguka miguuni, naye anapiga kelele, "Mama Veroo! Tokeni! Tokeni huko!" Maji yalikuwa yamekwisha kupita mahali kilipokuwa kijiti cha tatu. Kwetu halikuwa limedondoka hata tone. Mvua ilikuwa imenyesha toka asubuhi huku Pugu, na mto ukaja umeshajaa.

Mama alitoka na jembe. Hakuwa na viatu, na kanga ilikuwa imemdondoka begani. Alifika hatua tatu kutoka kwenye kaburi, ardhi ikakatika. Hakukuwa na kishindo nilichokitegemea. Mstari mwembamba ulipita kwenye majani, kisha upande wa pili wa ule mstari ukashuka chini wote pamoja, taratibu, na kibakuli kikiwa juu yake kimekaa sawasawa. Niliona ukingo wake wa bluu. Maji ya kahawia yakazunguka pale, yakakifunika, na kwa vile kilikuwa na tundu hakikuelea hata kidogo.

Mama akasimama na jembe lake. Sikumsikia akilia. Akasema, "Haya," kama mtu aliyeambiwa bei, kisha akanishika mkono akanivuta nyuma kwa nguvu mpaka bega likaniuma.

Jioni Bi Somoe alikuja kwa njia ndefu ya darajani, kalowa mpaka kifuani. Nilikuwa nimejikunyata nyuma ya mlango.

"Nisamehe mama," akamwambia mama yangu. "Natoka sokoni nakuta vijiti vyangu vimeng'olewa, vyote. Sijui kiumbe gani. Nikaenda kukata vingine, ile narudi maji yashapita. Ningekuwepo mie..."

"Si kosa lako, Bi Somoe," mama akasema. Alikuwa anatazama mafiga.

"Ningekuwepo mie, mwanangu."

"Nakwambia si kosa lako."

Hapo ndipo nilipoelewa vijiti vilikuwa vya nini. Nilielewa mara moja, nimesimama nyuma ya mlango na mkono mdomoni. Nilitaka kutoka niseme. Sikutoka. Nikawa mtoto mtiifu kupita kiasi, nafua bila kuambiwa, nachota maji mpaka madumu yakafurika, mama akanipeleka zahanati kupimwa malaria.

Maji yalipopungua Bi Somoe alikuja tena, safari hii kabeba kitu ndani ya kanga. Alikuwa anachimba tuta la mchicha pembeni ya mchanga mpya, jembe likagonga bati. Mtu mwingine angekiokota akakitumia kulishia kuku. Yeye alikigeuza, akaona tundu la msumari, akajua. Hata huko kwao Kilwa wanatoboa.

"Kaja kwangu," akamwambia mama. "Huko juu kwenye mchungwa mto haufiki, wala hautofika, maana kwangu unaleta, hauchukui. Ukiniruhusu tumlaze pale."

Wakaenda wao wawili tu. Mimi niliambiwa nibaki, nikabaki, nikawaangalia kutoka ng'ambo nikiwa nimekaa kwenye mianzi. Bi Somoe akachimba. Mama akaweka kibakuli ndani ya shimo. Halafu mama akafungua pindo la kanga yake, akatoa kitu kidogo, akakiweka ndani ya kibakuli. Nilidhani ni kipande cha nguo ya mgeni. Bi Somoe akasita, jembe mkononi. Akainama, akakitoa kile kitu, akakitazama karibu na macho. Walikaa hivyo muda mrefu. Kisha nikamwona anakikunja, anakirudisha, anafukia kwa mikono.

Toka siku ile mama alikuwa akivuka kila Jumapili baada ya kanisa. Walikuwa wakipalilia pamoja na kugombana juu ya mbegu. Matembele nikaanza kuyala, na nilimwamkia Bi Somoe kwa heshima mpaka akawa anatania kwamba shikamoo zangu ni nyingi, aweke nyingine akiba. Bondeni tulihama nilipokuwa sekondari. Bi Somoe alifariki, na baba akamfuata baada ya miaka michache. Ule mto nilipita juu ya daraja lake mara nyingi, na kila mara niliangalia upande mwingine.

Juzi nikamleta mama kuona nyumba. Magoti yanamsumbua, nikamkalisha kwenye kigoda pale itakapokuwa baraza. Nikampa kile kijiko. Akakigeuzageuza.

"Hiki hakina tundu," akasema. "Kilimponyoka mtu tu."

Sikupanga kusema. Nina watoto watatu, nimeshazeeka nami kiasi changu, na bado nilianza kama yule wa nyuma ya mlango. "Mama, vile vijiti vya Bi Somoe niliving'oa mie."

Akaendelea kukitazama kijiko.

"Nilidhani debe ndilo linaleta maji. Nilisikia ukisema la tatu utamtoa. Nilitaka asiende, mama. Nikavitupa mtoni vipotee."

"Vipotee?" Akaniangalia. "We si ndo ulokuwa unatupaga vipande vya baba yako kutwa nzima? Kinachoelea kinakuja wapi?"

"Kwetu," nikasema.

"Vilikuja kwetu, Vero. Hata saa nzima haikupita. Nimeshuka kuokota kuni, navikuta vimenasa kwenye mianzi, vitatu vyote, na vitambaa vyake."

"Kabla ya maji?"

"Mchana. Kabla."

Mafundi walikuwa wanakoroga zege, mmoja anaimba. Mama akaweka kijiko juu ya paja, akainyoosha kanga chini yake.

"Nilivijua. Nani asiyevijua? Ningeita tu, 'Bi Somoe, vijiti vyako huku,' au ningevuka nikavichomeka mwenyewe. Nikakaa navyo pale kwenye ngazi. Nikajisemea, lisipolia la tatu, nani atanilazimisha kumfukua? Nikavifungua vile vitambaa, vijiti nikavipikia."

"Zile kunde."

"Zile kunde. Ulikula mpaka za kwangu."

Nililia, sitaficha, na fundi akajifanya anapima ukuta. Miaka zaidi ya thelathini nilikuwa nimembebea mama yangu kosa ambalo yeye alidhani ni lake peke yake, na yeye hivyohivyo, tukiwa tunalala nyumba moja. Nilimwuliza kwa nini hakuwahi kusema. Akasema, "Ningemwambia nani? Wewe ulikuwa mtoto." Kisha akanifuta uso kwa pindo la kanga, kwa nguvu, kama alivyokuwa akinifuta zamani kabla ya kunipeleka shule.

"Na vile vitambaa?" nikauliza.

"Niliviweka kwenye kibakuli. Siku ile. Ulikuwa kwenye mianzi, si uliona?"

Niliona. Nikamkumbuka Bi Somoe na macho yake mabovu, amekisogeza kile kitu karibu na uso wake.

"Alivitambua?"

"Vyake mwenyewe, akose kuvitambua?" Mama akakichukua kijiko tena, akakipangusa. "Alivikunja vizuri, akamfunikia mtoto."